SOMO: Kupima kinga ya magnesiamu kabla hujapiga rangi

Swali ni lile lile kila msimu wa mvua: "Fundi, kasha la pawasoo nimelipaka rangi safi, mbona linatoa unga mweupe?" Leo najibu kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitamtumia somo hili.

Makasha ya injini za pawasoo nyingi, hizi misumeno ya injini zinazopasua mbao zinazofika Ndeeba, Kampala, ni ya magnesiamu. Ni nyepesi sana, gramu 1.74 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati alumini ni 2.70. Ila katika metali zote tunazoundia vitu, hakuna inayoliwa upesi kama hii, na ule unga mweupe ndio kutu yake. Rangi peke yake haiwezi kuilinda. Kazi kubwa inafanywa na tabaka la kemikali lililo chini ya rangi, iwe kromati, fosfati au anodaizi (tabaka linalooteshwa kwa umeme). Tabaka hilo likiwa bovu, rangi inaficha ubovu tu mpaka ibambuke.

Hatua ya 1. Hakikisha ni magnesiamu: kwangua kidogo mahali pasipoonekana, dondosha siki. Ikitoa vipovu papo hapo ndiyo yenyewe, alumini hutulia.

Hatua ya 2. Itazame juani kama tabaka limekatika mahali, hasa kwenye kingo, pembe na matundu ya bolti.

Hatua ya 3. Osha. Usiruke hapa, maana vipimo vingi vya uongo vinazaliwa kwenye hatua hii. Futa grisi kwa spiriti na kitambaa safi cheupe, badilisha kitambaa mpaka kitoke bila doa. Ukitumia sabuni, suuza mara kadhaa kwa maji ya betri yale yasiyo na asidi, kwa sababu mabaki ya sabuni yatakupa rangi ya pinki hata kama tabaka ni zima. Usiguse kabisa brashi ya waya wala sufi ya chuma. Chembe za chuma zinajichoma ndani ya magnesiamu, na kila chembe inakuwa betri ndogo inayoila metali kuizunguka; utalaumu tabaka kumbe mharibifu ni brashi. Usipige msasa pia. Unakwangua kitu unachotaka kukipima, na vumbi la magnesiamu linashika moto. Likiwaka, usimwage maji wala usitumie kizimamoto cha kaboni dayoksaidi, vyote viwili vinauchochea moto. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Hatua ya 4. Tone. Changanya chumvi safi gramu 1, fenofthalini gramu 0.1 (ile ya maabara za shule, inayogeuka pinki ikikutana na alikali), alkoholi mililita 50 na maji ya betri mililita 50. Kwanza jaribu tone kwenye kioo: libaki bila rangi. Kisha kwenye kipande kibovu ulichokwangua: ligeuke pinki upesi. Sasa dondosha kwenye tabaka, shika saa, inama uangalie kwa karibu. Magnesiamu iliyo wazi ikikutana na maji inatengeneza haidroksaidi, ambayo ni alikali, na fenofthalini inaionyesha. Utaona vidoa vidogo kama ncha ya sindano vikianza ndani ya tone, kila kimoja juu ya kitundu cha tabaka, halafu vinaungana. Linganisha muda wa kutokea vidoa na ule wa kipande unachojua ni kizuri. Rudia kando ya matundu ya bolti. Katikati ya bapa karibu kila tabaka linafaulu. Ukimaliza suuza, usiache chumvi.

Hatua ya 5. Ukishapaka rangi na ikakauka, chora kwa wembe mistari 6 huku na 6 kule, bandika selotepu, vuta. Nafasi kati ya mistari ni milimita 1 kwa rangi isiyozidi mikroni 60, milimita 2 hadi mikroni 120. Vijisanduku vikitoka vikiacha metali tupu, rudi chini kwenye tabaka.

MASWALI

Mkata Mbao: Yangu imekuwa pinki. Nifanyeje?

Jibu: Pinki wapi, baada ya muda gani, uliosha kwa kitu gani? Soma hatua ya 3, kisha uje na majibu hayo matatu.

Spea za Boda: Haya ni mambo ya maabara. Sisi tunapiga praima (rangi ya chini) na rangi, kazi inakwenda.

Jibu: Fungua bolti za kasha ulilopaka mwaka jana, utazame chini ya washa. Mteja ametoa pesa yake, na tone moja halimalizi dakika nyingi.

Mwalimu wa Kasese: Kaka, dawa yangu imegeuka pinki ndani ya chupa kabla sijaitumia. Chumvi nilipata hapa kwetu, Ziwa Katwe.

Jibu: Swali zuri sana, mwalimu. Chumvi ya Ziwa Katwe ina kabonati na salfeti pamoja na chumvi yenyewe. Kabonati ina ualikali, ndiyo maana fenofthalini imeitikia. Usiitumie hata kwa jaribio la kuloweka: kwenye maji yenye ualikali mkali magnesiamu inatulia, na tabaka bovu litaonekana zuri. Tumia chumvi safi ya maabara. Na kwa kuwa una wanafunzi, loweka kipande kwenye maji ya chumvi ya asilimia 5, funika kwa faneli na mrija uliojaa maji yale yale, mkusanye haidrojeni. Kwenye usawa wa bahari mililita 1 ya gesi ni karibu miligramu 1 ya magnesiamu iliyoliwa. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo hesabuni kama miligramu 0.9.

Dada wa Jinja: Kipima unene wa rangi cha magari kinafaa?

Jibu: Kile cha sumaku hapana, magnesiamu haivutwi na sumaku. Tafuta kinachopima rangi juu ya metali zisizo chuma, na ukisawazishe sifuri kwenye magnesiamu tupu ya aina ile ile. Ukisawazisha kwenye alumini, vipimo vitapotoka.

Dada wa Jinja: Asante. Na bolti za chuma, tuzibadilishe?

Jibu: Si lazima, dada. Weka washa ya alumini ya kundi la 5000 au 6000 (namba za aina za aloi ya alumini) chini ya kichwa cha bolti, pana kuliko kichwa chenyewe, na upake praima kwenye tundu kabla ya kukaza.

Spea za Boda: Washa hizo mnanunua wapi?

Jibu: Mimi nakata mwenyewe kutoka kwenye bati la alumini. Uliza kwanza ni la kundi gani; lenye shaba nyingi ndani yake liache.