Somo: Kenchi ya mita 18 kwa banda la ndege ndogo

Wengi wanaojenga banda la ndege hupiga hesabu ya uzito wa paa, wakaishia hapo. Banda hili upande wake mmoja mzima ni mlango, na upepo ukiingia humo hulisukuma paa juu. Ndiyo maana hatua ya 3 na ya 6 nimeziandika kwa kirefu.

1. Upana. Ndege ya Cessna 208B Caravan ina mita 15.87 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine. Acha nafasi ya mita moja kila upande, kisha funga hesabu kwenye mita 18. Nguzo ya katikati haiwezekani.

2. Uzito. Kenchi zikae kila baada ya mita 5. Bati geji 28, papi za chuma na kenchi zenyewe: chukua 0.25 kN (kilonewtoni; kN moja ni kama uzito wa kilo 100) kwa mita ya mraba. Mafundi wa matengenezo juu ya paa: 0.6. Kwa usalama, zidisha la kwanza kwa 1.4 na la pili kwa 1.6, ujumlishe, upate 1.31; mara mita 5, yaani 6.55 kN kwa kila mita ya kenchi.

3. Upepo. Kanuni ni 0.613 × kasi × kasi, na jibu huja kwa newtoni (1,000 ni kN moja). Kwa mita 35 kwa sekunde unapata kama 0.75 kN kwa mita ya mraba. Mlango ukiwa wazi, hewa ya ndani inasukuma juu huku ya nje ikinyonya, na vigawo vyake (namba za kuzidishia nguvu hiyo ya upepo) vikijumlishwa hufika 1.4. Jibu ni 1.05 kwenda juu, zaidi ya mara nne ya uzito wa paa lenyewe!

4. Boriti nzima au kenchi? Boriti ya chuma yenye umbo la I, ya milimita 406×178 na kilo 54 kwa mita, ingeubeba mzigo wa hatua ya 2, lakini ingebonyea kama milimita 150 katikati. Kenchi yenye kimo cha mita 1.5 haifiki milimita 25, na ni nyepesi zaidi. Mimi nachagua kenchi bila kusita.

5. Vyuma vya juu na chini. Nguvu ya kuikunja kenchi katikati ni 6.55 × 18 × 18 ÷ 8 = 265 kNm (kN mara mita). Gawa kwa kimo cha 1.5: 177 kN. Engo (vyuma vya umbo la L) mbili za milimita 75×75×6 mgongo kwa mgongo zinatosha.

6. Geuza hesabu. Zidisha 1.05 ya upepo kwa 1.4 ya usalama, toa uzito wa paa wa 0.25: inabaki 1.22, yaani 6.1 kN kwa kila mita ya kenchi kwenda juu. Rudia hesabu ya hatua ya 5. Sasa chuma cha chini, kilichozoea kuvutwa, kinakandamizwa kwa 165 kN. Kikiachwa huru mita zote 18 kitapinda kabla ya kufika kN 20. Kifunge kila baada ya mita 3 kwa engo zinazotoka kenchi hadi kenchi, na mwisho wake ziishie kwenye fremu yenye vyuma vya msalaba. Engo hizi ndizo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Usikubali.

7. Msingi. Kila nguzo inang'olewa kwa 55 kN, nusu ya 6.1 × 18. Hiyo ni zege ya mita za ujazo 2.3, kwa uzito wake tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Milango ya kusukuma naweza kuining'iniza kwenye kenchi?*
Marahaba. Iweke kwenye reli ya chini. Juu weka kiongozi chenye nafasi ya milimita 50, maana kenchi itashuka na kupanda.

*Mkuu, lori letu lina bodi ya mita 12. Tufanyeje?*
Tengeneza vipande viwili vya mita 9. Ila kiungo kitaangukia katikati, penye nguvu kubwa kuliko kote, kwa hiyo kipigiwe hesabu ya 177 kN kamili. Bolti M20 (unene wa milimita 20) za daraja 8.8, yaani za chuma kigumu, nne kila upande wa kiungo, si kuchomelea juu ya jukwaa.

*Niko Tanga karibu na bahari. Rangi inatosha?*
Hapana. Chovya vyuma kwenye zinki ya moto baada ya kutoboa matundu yote.

*Nikinakili vipimo hivi kama vilivyo?*
Usinakili, ndugu yangu. Mita 35 kwa sekunde ni mfano. Tafuta kasi ya upepo ya eneo lako, upime udongo, kisha mhandisi aliyesajiliwa apitie michoro na kuigonga muhuri kabla hujanunua chuma.