Punguza pikseli kabla ya kupunguza sheda
Kwa wenzangu mnaochora kwa WebGL (njia ya kuchora ndani ya kivinjari kwa kutumia kichakataji cha picha): mchoro ukikwama kwenye simu, msikimbilie kukata mistari ya sheda (programu ndogo inayokokotoa rangi ya kila pikseli) kabla ya kuangalia ukubwa halisi wa kanvasi, yaani eneo la ukurasa linalochorwa. Nilipokuwa nikitengeneza mawimbi ya Ziwa Victoria yanavyoonekana kutoka mwalo wa Ggaba, kazi ilikwenda vizuri kwenye kompyuta yangu hapa Kampala, lakini kwenye simu ya kawaida ilisuasua na simu yenyewe ikapata moto. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimezidisha upana na urefu wa kanvasi kwa devicePixelRatio (uwiano wa pikseli halisi za skrini kwa zile zinazohesabiwa na kivinjari) bila kuweka kikomo.

Simu ambayo kivinjari chake huhesabu skrini kuwa 360 kwa 800, yenye uwiano wa 3, huwa na pikseli 1080 kwa 2400, yaani 2,592,000, na sheda ya rangi hulazimika kukokotoa kila mojawapo katika kila fremu, mara 60 kwa sekunde. Ukiandika Math.min(devicePixelRatio, 1.5), yaani uwiano usizidi 1.5, hubaki pikseli 648,000, robo tu ya zile za awali, huku CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) ikiendelea kuitandaza kanvasi kwenye skrini nzima. Maji, moshi na mawingu havina kingo kali, kwa hiyo jicho halitambui tofauti kwa urahisi. Maandishi ndiyo hufifia, na hayo ni afadhali yawekwe kwa HTML juu ya kanvasi. Baada ya hapo gl.viewport, amri inayoiambia WebGL ichore kwenye sehemu gani ya kanvasi, nayo ipewe vipimo vipya, la sivyo mchoro utakatwa.