Somo: Kuchora ruhusa kabla mtu hajabonyeza "Nakubali"

Hili ni la wanaotengeneza programu za simu: kila ruhusa unayomwomba mtu, kama ya kujua mahali alipo, umwonyeshe kwa picha. Masharti tunayajaza kurasa kumi, mtu anateleza nayo hadi chini, anabonyeza, basi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya hiari, ya jambo mahususi, na mwenyewe awe anajua anachoridhia.

Hatua ya 1. Usome mkataba wako mwenyewe, kalamu mkononi. Toa mambo manne: unachukua nini, unampa nani, unakaa nacho hadi lini, mtu anajitoaje. Ukikosa jibu moja, usichore bado.

Hatua ya 2. Chora kitendo, si kitu. Hapa ndipo nilipoteleza. Programu ilikuwa ya kuandika samaki waliovuliwa, nami kuomba ruhusa ya mahali nikaweka ile alama ya ramani, tone lililopinduliwa. Mvuvi mmoja mzee wa Kizingitini, kisiwani Pate, akaikodolea macho: "Hili si puto la Idi?" Nikachora upya: mashua juu ya mwamba anapovulia, nukta zikitoka hapo hadi kwenye simu ya mtu mwingine aliyekaa gatini. Akacheka, akanirudishia simu. "Mwamba wangu simwonyeshi mtu." Ruhusa hiyo hiyo wiki iliyopita alishaikubali kwa maandishi.

Hatua ya 3. Picha moja, ruhusa moja, sentensi fupi chini yake. Kitufe cha kukataa kilingane na cha kukubali. Nyuso za kutabasamu ziondoe, huko ni kubembeleza.

Hatua ya 4. Wape watu watano picha hizo pale Mkunguni, uwanja wa mji wa Amu (Lamu). Usiulize "umeelewa?", maana kwa adabu kila mtu atasema ndiyo. Sema, "Nisimulie kinachotokea hapa."

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, kwa hiyo maandishi tuyatupe?
Hasha. Yakae kando ya picha. Siku ya mzozo ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba mtu aliridhia, kwa hivyo hifadhi tarehe na picha ile ile aliyoiona.

— Akikataa kuonyesha mahali, nimfungie programu?
Kilo za samaki zaandikika bila mwamba kujulikana. Kumfungia kwa kitu usichokihitaji kunaitia dosari hiyo hiari. Na aliyekubali ana haki ya kujitoa wakati wowote, basi mchoree na mlango wa kutokea.

— Ustadhi, nyanya yangu haoni vizuri.
Tia sauti, tena ya mtu wa hapa Amu. Akisikia ya Nairobi atadhani ni tangazo la redio.