Kabla hujaanza kozi ya mahusiano ya kimataifa, jipange hivi

Wadogo zangu mnaoingia chuo mwaka huu, Makerere au kwingine, kabla lekcha hazijaanza kaa chini uandike ukimaliza unataka uwe unaweza kufanya nini. Usiandike tu "nataka kuwa balozi" maana hiyo huwezi kuipima semista kwa semista.

Mimi la kwanza kabisa naweka hili, uweze kusoma hati yenyewe badala ya kusimuliwa. Chukua kesi ya Kongo kuishtaki Uganda kwa kuingiza jeshi kwake, pale The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ilifunguliwa 1999, hukumu ikatoka 2005, halafu Februari 2022 mahakama ikaamua Uganda ilipe dola milioni 325, na mpaka leo watu wanabishana kwa taksi ni nyingi au ni kidogo na hawajui hata zimegawanywaje: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 za mali, 60 za maliasili. Kongo ilidai zaidi ya bilioni 11! Fungua hukumu, iko bure kwa tovuti ya mahakama, ufuatilie majaji wanavyopima ushahidi wa kila dai ndio utaelewa mbona pesa ilishuka hivyo. Ukiweza hilo mwaka wa kwanza, umeshika kozi.

Pili, ijue Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Ilifufuliwa na nchi 3, sasa ziko 8, Somalia imeingia 2024. Na usiishie kwa noti za darasani, panda basi ufike Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, uangalie mama mwenye magunia ya vitunguu anavyojaziwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, huku malori yamepanga foleni nyuma yake. Itifaki ya forodha, yaani makubaliano ya nchi za Jumuiya kuhusu ushuru wa mipakani, ndiyo ile pale, na kama afisa anamzungusha utaiona pia.

Lugha sitasema mengi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya tangu 2021 pamoja na Kifaransa, kwa hiyo ongeza Kifaransa mapema, Bujumbura na Kinshasa utakihitaji. Takwimu nazo usizikimbie.

Mwisho ni kuandika. Insha ya kurasa 15 utaandika tu, ila jizoeze memo ya ukurasa mmoja ya kumshauri waziri, tuseme kuhusu maji ya Nile, umpe mtu asiye wa kozi yako asome, akikuuliza "sasa unataka waziri afanye nini?" rudi uandike tena.