Silaha za Jukwaani: Namna ya Kupigana Bila Kujeruhiana

Kikundi cha shule au cha mtaani kinachoandaa mchezo kuhusu Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika Milima ya Matumbi, kitahitaji mikuki, mapanga na bunduki, na kishawishi cha kwanza huwa ni kuazima panga la jirani na kulifanya butu kwa jiwe. Msifanye hivyo. Panga butu bado ni chuma, na mwigizaji aliyepandwa na mori hapimi tena pigo lake. Desemba 2008, katika ukumbi wa Burgtheater mjini Vienna, mwigizaji alijikata shingo mbele ya watazamaji kwa kisu halisi ambacho makali yake hayakuwa yameondolewa. Basi sisi tunaoigiza chini ya mwembe tuna kila sababu ya kuogopa chuma.

Mti wa mkuki uwe mpini wa fagio uliopigwa msasa. Kichwa chake kikatwe kwenye soli ya kandambili kuukuu, kibandikwe kwa gundi ya viatu na kufungwa kwa uzi, kisha kipakwe rangi ya fedha iliyotiwa nyeusi kidogo, maana fedha tupu humeta kama sufuria mpya. Kabla ya hapo, ncha ya mti ivishwe sponji ya godoro, kwa sababu mpira unapopinda, kinachoumiza ni mti ulio nyuma yake. Hata hivyo mkuki usielekezwe kifuani wala usoni: upitishwe kati ya mkono na mbavu, upande usioonekana na watazamaji, na anayechomwa ndiye aubane kwapani na kuanguka nao.

Bunduki ichongwe kwa mbao. Risasi baridi, yaani zenye baruti lakini zisizo na kichwa cha chuma, zisitumike kabisa, kwani baruti yake hutoa msukumo unaoweza kuua kwa karibu. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani, Jon-Erik Hexum, alifariki baada ya kujifyatulia bastola yenye risasi ya namna hiyo kwenye panja. Mlio utolewe nyuma ya pazia: mtu akanyage mwisho mmoja wa ubao mpana, ainue mwisho wa pili, kisha auachie ghafla kwenye sakafu ya saruji. Hata mimi ninayejua siri hiyo hushtuka.

Silaha zote zitunzwe na mtu mmoja asiyeigiza, azihesabu na kuzikagua kabla ya onyesho, na azipokee mara tu mwigizaji anapotoka jukwaani. Njiani, bunduki ya mbao ikae ndani ya gunia lililofungwa, kwani abiria wa daladala hajui kwamba ni mchezo.