Kupoteza sarafu mkononi: kiinimacho cha sarafu hatua kwa hatua

Kiinimacho cha sarafu hakitaki mikono ya haraka. Mkono unaokwenda mbio ndio unaomshtua mtazamaji. Hajui umefanya nini, lakini anajua umefanya kitu, na hapo mchezo umekwisha. Kinachotakiwa ni tendo la uongo lifanane na la kweli mpaka jicho lisione haja ya kuuliza. Ndiyo maana karibu kila zoezi hapa linaanza kwa kufanya jambo lenyewe kwa kweli, tena na tena, kisha kuliiga.

Utahitaji sarafu, kioo kinachokuonyesha kuanzia kichwani hadi chini ya kiuno, na kitanda. Kitanda ni cha kusimama mbele yake: sarafu itaanguka mara mia, na ikiangukia godoro huna haja ya kuitafuta uvunguni mwa kabati.

Sarafu ipi

Chukua kubwa. Wengi huanza na ndogo wakidhani ni rahisi kuficha, kumbe ndogo haina pa kushikwa. Inateleza kati ya vidole na kukulazimisha ukunje mkono kuliko kawaida. Wamarekani hupenda nusu dola yao, yenye upana wa milimita 30.6. Kwa Tanzania, shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014, ile ya Sheikh Karume na nyati, inafaa kabisa: milimita 27.5, uzito gramu 9.5. Kenya, ukiwa bado unayo ile shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye sura ya Rais Kibaki, hiyo ni nzuri mno. Usipokuwa nayo, shilingi 20 inatosha. Shilingi 50 na 100 za Tanzania ziache kwanza.

Tafuta mbili zinazofanana. Moja iwe imechakaa kidogo, kwa kuwa hushikika vizuri kiganjani. Nyingine iwe inang'aa, nayo utaihitaji kwenye hatua ya tatu. Jambo dogo kuhusu shilingi 500: ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo inanaswa na sumaku. Ukiiweka mfuko mmoja na simu yenye kava la sumaku, siku ya mchezo utaingiza mkono usiipate, kumbe imeganda kwenye kava.

Hatua ya 1: mkono mtupu

Simama mbele ya kioo bila sarafu, mikono ikining'inia. Angalia vidole. Havikunyooka; vimejikunja kidogo, cha shahada kikiwa kimenyooka kuliko vingine, na cha mwisho kikiwa kimejikunja zaidi. Umbo hilo ndilo utakalolilinda katika kazi yote. Mkono wenye sarafu ukitofautiana nalo, umejulikana.

Sasa weka sarafu kwenye mashina ya kidole cha kati na cha pete, ilale bapa juu ya pingili za chini. Kunja vidole hivyo viwili kiasi tu cha kuishikilia: ukingo mmoja ubanwe na kunjo la pingili ya kati, ukingo wa pili uegemee pale vidole vinapoungana na kiganja. Shusha mkono. Ukitazama kwenye kioo, umerudi kwenye umbo lilelile la mkono mtupu. Huku ndiko kuficha vidoleni, na kwa maoni yangu mtu akiishia hapa bila kujua mahali pengine pa kuficha, bado anaweza kucheza miaka mingi.

Tembea nayo nyumbani. Fungua mlango, shika kikombe, washa taa, andika ujumbe kwenye simu, sarafu ikiwa palepale. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni kwa wiki nzima hufaa kuliko saa mbili za Jumapili, maana unachofundisha si nguvu. Unaufundisha mkono usahau kwamba umeshika kitu. Dalili kwamba umefika ni kujikuta unapiga soga huku sarafu imo na hukumbuki.

Hatua ya 2: kuhamisha kwa uongo

Hapa ndipo penye mchezo wenyewe, usipaharakishe. Kwanza fanya kwa kweli: sarafu iko mkono wa kulia, imiminie kwenye kiganja cha kushoto, funga kushoto, uondoe mkono huo. Rudia mara 20 ukijitazama. Angalia mkono wa kulia hufanya nini baada ya kutoa sarafu (haufanyi chochote, unajiendea chini taratibu). Angalia macho yako yanakwenda wapi. Angalia ngumi ya kushoto imefungwa kwa ulegevu gani. Kisha:

1. Onyesha sarafu ikiwa mahali pa kuficha vidoleni, kiganja cha kulia kikiwa wazi kwa mtazamaji na kidole gumba kikiigusa kwa juu.
2. Inua kiganja cha kushoto mbele ya tumbo, kimeelekea juu, vidole vikielekea kulia.
3. Geuza mkono wa kulia juu ya wa kushoto kama unayemimina. Wakati unageuka, vidole vya kati na pete vibane sarafu kidogo. Kidole gumba kiachie.
4. Ncha za vidole vya kulia ziguse kiganja cha kushoto. Mguso huo ndio amri: vidole vya kushoto vianze kufunga hapohapo, si kabla, si baada.
5. Mkono wa kushoto ndio uondoke, uende kushoto na juu kidogo. Wa kulia ubaki ulipo kwa pumzi moja, kisha ushuke wenyewe.
6. Macho yasafiri na mkono wa kushoto.

Namba 5 ndiyo inayowashinda wengi. Jicho la binadamu hufuata kinachosogea. Ukiondoa mkono wa kulia, umemwambia mtazamaji autazame huo, na ndio wenye sarafu.

Baada ya hapo usifungue mara moja. Subiri sekunde mbili tatu, muulize mtu swali dogo, puliza ngumi, kisha fungua kidole kimoja kimoja ukianzia na cha mwisho. Bila muda huo wa kusubiri, mtazamaji anarudi nyuma kwa urahisi: "Sekunde iliyopita ilikuwa kulia." Ukimpa muda, anakumbuka tu kwamba sarafu ilikuwa kushoto.

Yanayoharibika hapa ni haya. Ngumi ya kushoto inakazwa mpaka vifundo vinakuwa vyeupe. Mkono ulioshika sarafu kweli haukazi hivyo, na ndani yake huwa na nafasi, basi iache nafasi hiyo. Mkono wa kulia unakimbilia mfukoni. Kidole gumba cha kulia kinasimama wima, kimejitenga na vingine kama kichwa cha kobe aliyetoka gambani. Na kosa la nne, ambalo hata wazoefu hulifanya wakichoka: kuchungulia mkono wa kulia kuhakikisha sarafu haionekani. Ukichungulia wewe, watachungulia na wao. Kama una wasiwasi, jirekodi kwa simu ukiwa umeiegemeza kwenye kitu, kimo cha macho ya mtu aliyekaa; kioo hukudanganya kwa sababu unajiangalia macho huku unafanya.

Kuna njia nyingine ambayo kila mwongozo huianza nayo, ile ya kushika sarafu kwa ncha za vidole vya kushoto, mkono wa kulia ukipita juu kama unaichukua, huku sarafu ikidondoka ndani ya kiganja cha kushoto. Inaitwa mdondosho wa Kifaransa. Si mbaya, ila imeshaonekana mno, na haina mantiki: kwa nini mtu ahamishe sarafu toka mkono mmoja kwenda mwingine kwa pozi lile? Ukiitumia, mkono wa kushoto uwe na kazi ya kwenda kufanya, kama kuchukua kalamu mfukoni.

Hatua ya 3: kuacha picha jichoni

Sarafu inayong'aa. Taa iwe mbele yako au juu, isiwe mgongoni.

Shika sarafu kwa kidole gumba na cha shahada cha kulia, uso wake ukimwelekea mtazamaji. Iweke kwenye kiganja cha kushoto ionekane kabisa imekaa pale, ukiwa bado umeishika ukingo. Vidole vya kushoto vianze kufunga juu yake, cha mwisho kwanza, halafu pete, halafu kati. Pale kidole cha kati kinapoifunika, kidole gumba cha kulia kiivute nyuma ya vidole vya kulia, iteleze hadi mahali pa kuficha vidoleni. Vidole vya kulia vinatoka vimenyooka kiasi, na ncha zake zinakuwa za mwisho kutoka kwenye ngumi.

Mng'ao wa sarafu hubaki machoni kwa kitambo kidogo sana, na mtazamaji ataapa aliiona ndani ya ngumi. Siri iko kwenye kuvuta: usivute mpaka ifunikwe. Ukiwahi, mng'ao unaonekana ukirudi kulia; ukichelewa, ncha za vidole vya kushoto zinakwama kwenye sarafu na mikono yote miwili inatetemeka. Anza polepole sana, hata kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Mwendo utakuja wenyewe.

Hatua ya 4: kiganjani

Hii huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Weka sarafu kwenye ncha za kidole cha kati na cha pete, kunja vidole uisukume katikati ya kiganja, kisha nyoosha vidole. Sarafu ibanwe na mnofu wa chini ya kidole gumba upande mmoja, na mnofu ulio chini ya kidole cha pete na cha mwisho upande wa pili. Itaanguka. Isogeze milimita mbili tatu, jaribu tena. Kila mkono una pake, na ukishapapata utahisi sarafu imeng'ata ngozi.

Karibu kila mwanafunzi hubana kwa nguvu kupita kiasi, mkono ukawa kama sepetu. Sarafu ya gramu 9 inataka kubanwa kidogo tu. Kama ngozi ni kavu na inateleza, paka tone moja la gliserini dakika chache kabla. Mafuta ya mgando yanazidisha utelezi. Kwenye joto la pwani tatizo hugeuka: jasho huigandisha sarafu, ukitaka idondoke inakawia, kwa hiyo weka leso mfukoni.

Faida ya kiganjani ni kwamba vidole vyote vitano viko huru, unaweza kushika kalamu au karata huku sarafu imo. T. Nelson Downs wa Marekani (1867–1938), aliyekuwa mpiga telegrafu wa reli kabla ya kupanda jukwaani, alijijengea jina kwa kuchuma sarafu hewani moja baada ya nyingine, na kuficha kiganjani ndiko kulikobeba onyesho lake.

Hatua ya 5: irudishe kabla hujaulizwa

Ukipoteza sarafu, swali la kwanza la mtu yeyote ni "Hebu fungua na huo mwingine." Dawa ni kuirudisha kabla swali halijatoka mdomoni. Ngumi ya kushoto inafunguka tupu. Mkono wa kulia tayari unakwenda kwenye kiwiko cha kushoto, au chini ya kofia ya mzee aliyekaa karibu (omba ruhusa, "shikamoo" kwanza), na kidole gumba kinaisukuma sarafu mpaka kwenye ncha za vidole kana kwamba imechomolewa pale. Isukume wakati mkono umegusa kitu tayari. Ukiisukuma njiani, inaonekana inatokea hewani, chini ya kofia hapana kazi.

Hatua ya 6: sarafu kupenya meza

Kaa mezani, magoti yamekaribiana, bilauri ya kioo iko mapajani au mkono wa kushoto. Meza iwe na kitambaa, ili sarafu isikwaruze. Mwenye kanzu au gauni ana bahati, nguo inafanya bembea. Mwenye suruali ya kubana ajaribu kwanza peke yake, kwa sababu sarafu ikiteleza hadi kwenye vigae mlio wake utasikika chumba cha pili.

Weka sarafu sentimita 10 hivi kutoka ukingoni. Ichukue kwa kweli mara mbili kwa kuivuta na vidole vya kulia hadi ukingo wa meza na kuishika kwa kidole gumba kwa chini. Mara ya tatu ivute vilevile, ila iache idondoke mapajani na ufunge mkono kama umeishika. Mkono wa kulia uende mbele, katikati ya meza. Huku nyuma, wa kushoto unaiokota na kuishikilia mdomoni mwa bilauri chini ya meza. Piga meza kwa kiganja cha kulia, na wakati uleule achia sarafu. Mlio wa kioo ndio utakaowamaliza. Ukichelewa hata nusu sekunde, mlio unakuwa wa mtu aliyedondosha sarafu kwenye bilauri.

Wanaokaa chini

Kioo hakikuonyeshi watoto waliokaa mkekani. Wao wanatazama kutoka chini, na mkono unaoning'inia na sarafu vidoleni unawaonyesha ukingo wote. Wakiwepo, kaa na wewe chini, au pumzisha mkono juu ya paja. Mtu aliye nyuma ya bega lako la kulia naye anaona kila kitu. Simama mgongo ukielekea ukuta.

Usiongeze mchezo wa pili mpaka wa kwanza umekwenda mbele ya watu kumi bila kushtukiwa. Na usifanyie mazoezi kwenye kurudisha chenji dukani. Kwa mwenye duka huo si mchezo tena, ni ukoo mmoja na karata tatu za stendi.

Sarafu ikikuanguka katikati ya watu, usicheke wala kuomba radhi. Okota kwa mkono wa kulia, ihamishe kushoto kwa kweli, fungua waione, irudishe kulia. Sasa wameshaona uhamisho mmoja wa halali kabisa. Unaofuata ndio wa uongo.