Unachanganya bangi na sigara? Hesabu na tumbaku

Wengi wanaosokota bangi huipasua sigara, wakamwaga tumbaku kiganjani na kuichanganya ili msokoto uwake vizuri na kete idumu. Ukiwauliza, watakuapia kwamba sigara hawavuti. Mwili hauna habari na kiapo hicho. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, imeshaingia, nayo hushika mtu haraka kuliko bangi.

Ndipo anapokwama anayetaka kuacha. Saa chache tu bila msokoto anakuwa mkali, hatulii, hata kazi haishikiki. Anadhani ni bangi inamwita, kumbe huenda ni arosto ya tumbaku. Anawasha sigara kavu ajitulize, na baada ya muda ana pakiti mfukoni na msokoto umerudi palepale.

Jichunguze kwanza: hamu inakuja lini? Ikiwa ni mara tu unapofungua macho asubuhi, kabla hata ya chai, shuku nikotini. Ikija ukifika kijiweni tu, hiyo ni mazoea ya kundi, na dawa yake ni kubadili njia ya kurudi nyumbani.

Kama unaweza, panga kuacha vyote pamoja. Famasi kubwa huwa na jojo au bandiko la nikotini, ingawa bei si ya kuchekea. Bangi haina kibadala cha namna hiyo. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi, hasa usingizi. Na usikimbilie shisha, tumbaku ni ileile.

Kenya, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wanapokea simu bure kwa 1192.